Shaaban Robert na Mzigo wa Utu

Kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili, nilifundisha kwa muda katika shule moja ya upili karibu na Kanyakine, Imenti Kusini, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa wakulima wa kahawa, majani chai na ndizi. Siku tuliyomaliza kusoma Utubora Mkulima, mvulana mmoja aliyezoea kuketi nyuma alisimama akaniuliza iwapo nimewahi kumwona mtu wa namna ile: mtu anayeacha mshahara kwa hiari yake, akaenda kijijini kushika jembe, tena asijione amepungukiwa. Darasa zima liliangua kicheko. Nami nilicheka, nikatoa maelezo ya kitabuni kuhusu majina ya kimajazi na wahusika bapa, kengele ikalia.

Baadaye nilitambua kwamba mvulana yule hakuwa akiuliza swali la fasihi. Watoto wale waliwaona wazazi wao wakibeba kahawa kila msimu, kisha wakisubiri malipo kwa miezi mingi. Machoni pao, mtu mwema alikuwa mtu aliyepunjwa. Makala haya ni jaribio la kumjibu upya, safari hii kwa kuyatazama maisha ya mtu aliyemuumba Utubora.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Wajerumani. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Kiyao, ila yeye alijihesabu kuwa Mswahili na hakuona haja ya kulitetea hilo. Kati ya 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam, ambako alikuwa wa pili miongoni mwa watahiniwa 11 wa mtihani wa kumaliza shule. Masomo yake rasmi yakakomea hapo. Sisi tunaoziandikia kazi zake tasnifu hatuna budi kukumbuka kwamba nchi yake haikuwa na chuo kikuu hata kimoja hadi 1961, mwaka mmoja kabla ya kifo chake.

Mnamo 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha, akatumikia idara hiyo Pangani na kwingineko hadi 1944. Kisha akahamishiwa Mpwapwa, bara. Mwaka wa 1946 alirejea Tanga kufanya kazi katika ofisi ya wilaya, na kuanzia 1952 hadi 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji ardhi. Hiyo ni miaka 34 ya ukarani. Utumishi wa serikali ya kikoloni ulipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, kila mmoja na mshahara wake. Mtu aliyepata kuwa wa pili mtihanini aliyaishi maisha yake yote ya kazi chini ya dari hiyo. Tungo tunazozisoma leo ziliandikwa na mtu aliyekuwa na mwajiri wa kumtii mchana kutwa.

Huzuni nayo haikumpitia mbali. Mkewe Amina alifariki kungali mapema, akamwachia watoto wa kulea. Shairi alilomtungia ni miongoni mwa maombolezo yanayojulikana zaidi katika lugha yetu. Katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka 1949, anaisimulia ndoa hiyo na msiba huo bila kujikweza wala kujililia. Alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Wapo wahakiki wanaouona Utenzi wa Hati kuwa unamfunga mwanamke katika utiifu, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo, tuusome pia kama kazi ya mzazi mwenye hofu. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye utendi mnamo 1858 alikuwa mgonjwa, akijua kwamba huenda asingekuwapo kumwongoza. Shaaban Robert naye alikuwa amekwisha kuona jinsi mzazi anavyoweza kutoweka. Wosia wa maadili hapo ni urithi wa mtu asiye na mali nyingi ya kurithisha.

Jambo linalonishangaza zaidi ni Kusadikika. Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1951, mwandishi akiwa bado karani katika ofisi ya wilaya ya Tanga. Humo tunamkuta Karama, aliyeshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, akijitetea kwa kuwataja wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta manufaa ya nchi, na waliporudi wakatiwa gerezani. Nchi ile inaelea angani, kwa hiyo hakuna mkuu wa wilaya aliyeweza kusimama na kusema ni yeye aliyesemwa. Wengine huuita ufundi huo woga. Mimi nauona kuwa ni busara ya mtu mwenye watoto wa kulisha ambaye hata hivyo hakukubali kunyamaza.

Wala tusimfanye malaika. Alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, utenzi mrefu juu ya vita vya 1939 hadi 1945, akiwa upande wa Waingereza na washirika wao. Vita hivyo aliviita vya uhuru ilhali nchi yake yenyewe haikuwa huru. Alipokea kutoka kwa wakoloni nishani ya M.B.E., na alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki waliyoiunda wao. Msomaji wa leo ana haki ya kuuliza maswali. Lakini mtu huyo huyo alipoamua kuandika maisha ya mwingine, hakumchagua gavana wala sultani. Alimwandika Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, mwanamke aliyezaliwa katika ufukara na aliyewahi kuuza vyungu. Wasifu huo ulitoka 1958. Katika pwani iliyothamini sana nasaba, kumweka mwanamke huyo mahali pa heshima kulikuwa ni kusema kwamba ubora wa mtu hautokani na ukoo wake.

Je, alilipwa? Sifa alizipata, ikiwemo Tuzo ya Margaret Wrong. Lakini Kufikirika, ambayo mswada wake ni wa 1946, ilichapishwa 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka 1968. Mwandishi alifariki Juni 1962, miezi sita hivi baada ya Tanganyika kupata uhuru, akiwa na umri wa miaka 53. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizochapishwa mwaka 2002, zinatuonyesha mtu wa kawaida mwenye jamaa, shida na miswada inayosubiri. Kitabu kilichozua kicheko darasani kwangu, mwenyewe hakuwahi kukishika mkononi kikiwa kimechapwa.

Hapo ndipo ninapoliona jibu la mvulana yule. Wahusika kama Utubora na Adili hawakuandikwa na mtu aliyedhani dunia ni njema. Waliandikwa na karani aliyeijua dari iliyokuwa juu yake na mjane aliyemzika mkewe. Alijua vyema kwamba mtu mwema anaweza kupunjwa, na bado akashikilia kwamba kupunjwa si sababu ya kujifunza kupunja. Wema wa wahusika wake ni kipimo alichojiwekea yeye mwenyewe, na mara nyingine hakukifikia.

Mtu kama Utubora sijamwona, na ningemwambia hivyo bila kuficha. Nimemwona katika maandishi mtu aliyejaribu kuwa yeye kwa miaka 53. Nikijaliwa kurudi kufundisha Kanyakine, nitaanza na Maisha Yangu, kisha ndipo tufungue Utubora Mkulima.