Daktari Koch na macho ya watu wa Sese

Kila ifikapo tarehe 24 Machi, zahanati zetu hutundika mabango ya Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Huku kwetu Marungu huonekana vijana wa afya wakipita Maungu sokoni na vipaza sauti, wakiwahimiza madereva wa malori na wafugaji wapimwe makohozi. Ni kazi njema, Mungu awalipe. Lakini ukimuuliza mtu kwa nini ikawa tarehe hiyo na si nyingine, wengi hawana jibu.

Ni kwa sababu siku hiyo, mwaka 1882, daktari mmoja Mjerumani alisimama mbele ya wenzake mjini Berlin akawaonyesha kidudu kinacholeta kifua kikuu. Jina lake Robert Koch. Na jambo ambalo wachache zaidi wanalijua ni kwamba katikati ya mwaka 1906 daktari huyo alipita hapa kwetu kwa gari la moshi, kwa reli ile ile ya zamani inayokatiza Maungu na Voi, akielekea ziwani. Aliyoyafanya huko mwisho wa safari ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu leo.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji mdogo wa migodi uitwao Clausthal. Baba yake alikuwa mtu wa migodini, na nyumba ilikuwa na watoto wengi. Alisomea udaktari Göttingen akahitimu mwaka 1866, akahudumu katika vita vya Wajerumani na Wafaransa, kisha mwaka 1872 akapelekwa kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko Poland. Huko hapakuwa na chuo wala maabara. Mkewe Emmy alimnunulia hadubini, naye akapigia pazia sehemu ya chumba alimopokea wagonjwa, akaanza kuchunguza damu ya kondoo waliokufa kwa kimeta.

Wafugaji wa Marungu wanaijua kimeta. Mnyama huanguka ghafla, na anayemchuna huhatarisha roho yake. Mwaka 1876 Koch alithibitisha kwamba ugonjwa huo unaletwa na kidudu maalumu, akaeleza jinsi mbegu zake zinavyokaa ardhini kwa miaka zikingoja mnyama mwingine. Baada ya hapo alipanda haraka. Alipewa maabara Berlin, akatoa siri ya kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza Wazungu kama moto wa nyika. Mwaka 1883 alikwenda Misri kufuata kipindupindu, na mwaka uliofuata akawa Calcutta, akakithibitisha kidudu chake na jinsi kinavyosafiri kwa maji machafu. Kila tunapochemsha maji ya kisima wakati wa mlipuko, tunafuata njia aliyosaidia kuichonga.

Basi tuseme wazi kwamba huyu alikuwa mtu mkubwa, na hakuna anayeweza kumnyang'anya heshima hiyo. Lakini ukubwa una mitihani yake.

Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, iliyoitwa tuberkulini. Dunia ilipagawa. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila pembe. Yeye akakataa kusema dawa imetengenezwa kwa nini. Miezi michache haikupita, wagonjwa wakaanza kufa, na mpasuaji mashuhuri wa maiti, Rudolf Virchow, akaonyesha kwamba kwa baadhi yao dawa ilikuwa imeusambaza ugonjwa mwilini badala ya kuuponya. Tuberkulini haikuwa tiba. Leo inatumika kupimia tu, kwa ile sindano ndogo ya chini ya ngozi ya mkono.

Katika kisa hicho kuna jambo dogo ambalo naomba msomaji aliweke akilini. Kabla ya kuitoa hadharani, Koch alijichoma mwenyewe dawa hiyo. Kisha akamchoma msichana aliyekuwa akimpenda, Hedwig Freiberg, ambaye baadaye alikuja kumuoa. Hedwig alieleza kwamba kabla ya sindano aliambiwa anaweza kuugua sana, ila huenda hatakufa. Naye akakubali. Ilikuwa ridhaa ya msichana mdogo mbele ya mwanamume mashuhuri aliyempenda, ridhaa yenye walakini. Hata hivyo aliambiwa hatari, na aliulizwa.

Afrika Mashariki Koch alikuja zaidi ya mara moja. Mwaka 1896 alikuwa Afrika Kusini akishughulika na sotoka, maradhi yaliyofagia ng'ombe wa bara hili, yetu na ya Wamaasai yakiwemo. Mwaka 1897 na 1898 alikaa Dar es Salaam akichunguza malaria na maradhi ya mifugo. Mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Angeweza kustaafu na kula heshima yake. Lakini huku kwetu moto ulikuwa unawaka.

Kando ya Ziwa Victoria malale yalikuwa yakiteketeza watu. Ugonjwa huo huletwa na mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, ndugu wa mainzi wale wale wanaowasumbua ng'ombe katika ranchi zetu hizi za Marungu na Kasigau. Mgonjwa huanza kwa homa, kisha akili huvurugika, hulala mchana na kukesha usiku, hukonda, na asipotibiwa hufa. Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1900 na 1920 watu zaidi ya laki mbili walikufa Uganda na kandokando ya ziwa. Visiwa vya Sese viliumia kuliko kwingi. Wataalamu walikuwa wameshajua chanzo, hasa baada ya kazi ya Aldo Castellani na David Bruce huko Entebbe. Kilichokosekana ni dawa.

Serikali ya Ujerumani ikamtuma Koch. Alifikia Amani, kule milima ya Usambara, kisha akaja Mombasa, akapanda gari la moshi hadi Kisumu, akavuka hadi Mwanza. Kwa kuwa wagonjwa walikuwa wengi zaidi upande wa Waingereza, aliomba ruhusa akapiga kambi Bugalla, katika visiwa vya Sese. Ruhusa hiyo ilitoka kwa serikali ya Uingereza.

Dawa aliyokuwa nayo iliitwa atoksili, na ndani yake mna aseniki, ile sumu. Alipoanza kuchoma sindano, wagonjwa walipata nafuu ya ajabu. Waliokuwa hawawezi kusimama walitembea. Habari zikaenea, na watu wakaja kwa mamia, wengine wakibebwa kwa machela, wengine kwa mitumbwi. Hawakuletwa kwa mijeledi. Walikuja kwa matumaini, kama sisi sote tunavyokwenda hospitali.

Lakini nafuu haikudumu. Vidudu vilirudi katika damu. Koch akaongeza dozi, kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Wagonjwa wakalalamika maumivu, kizunguzungu, kichefuchefu, tumbo kusokota. Wengine wakaacha kuja, wakatoroka. Kisha baadhi wakaanza kuona ukungu, na ukungu ukawa giza. Watu 22 walipofuka moja kwa moja. Ilipobainika kwamba ni dawa, si ugonjwa, Koch aliziacha zile dozi kubwa. Macho hayakurudi. Na bado aliporejea Berlin mwishoni mwa mwaka 1907, aliipendekeza atoksili iendelee kutumika kwa dozi ndogo.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Tarehe 29 Desemba 1900, miaka sita kabla ya Sese, wizara iliyosimamia afya huko Prussia ilitoa agizo kwa wakuu wa hospitali: asifanyiwe mtu jambo lolote la kitabibu lisilo la uchunguzi wa ugonjwa wake, tiba au kinga, ila awe mtu mzima, awe ameelezwa madhara, na awe amekubali waziwazi. Agizo hilo lilitokana na kashfa ya daktari Albert Neisser, aliyewachoma wanawake maji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila idhini yao, wengine wao makahaba, akatozwa faini. Kwa hiyo fikra ya ridhaa haikuwa ngeni kwa Koch. Ilikuwa imeandikwa nyumbani kwake.

Watetezi wake watasema alichokifanya Sese kilikuwa tiba, na agizo lile halikugusa tiba. Kwa maneno ya karatasi wana hoja. Watasema pia kwamba wagonjwa wale wangekufa vyovyote vile. Hiyo nayo ni kweli kwa wengi wao. Lakini mtu anayejaribu dozi asiyojua mwisho wake, juu ya mamia ya watu, ili apate jibu, anafanya tiba na majaribio kwa wakati mmoja. Na mtu anayekufa bado ana macho yake, na ana haki ya kuulizwa kama yuko tayari kuyaweka rehani. Hedwig aliulizwa. Watu wa Sese ruhusa yao ilitolewa na serikali iliyowatawala, kama vile mwili wa mtu ni kiwanja cha serikali.

Ushauri mwingine wa Koch ulikuwa wa kuwakusanya wagonjwa kambini mbali na jamaa zao, kuhamisha vijiji, kufyeka vichaka na kuua mamba, kwa kuwa aliamini mbung'o hunywa damu yao. Upande wa Wajerumani kambi zilijengwa. Watu walikwenda mwanzoni, kisha walipoona sindano zinauma na wenzao bado wanakufa, wakaanza kukimbia. Upande wa Uganda, Gavana Hesketh Bell aliwahamisha watu wa pwani ya ziwa, na watu wa Sese nao wakaondolewa visiwani mwao. Waliondoka kwenye mashamba ya migomba na makaburi ya wazee wao, na ilipita miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi.

Koch hakuishi kuona mwisho wa hayo. Moyo wake ulisimama Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Majivu yake yamewekwa Berlin, ndani ya taasisi inayobeba jina lake.

Kuna atakayesema hayo ni ya kale. Ya kale ndiyo yaliyotuzaa. Mwaka 2010, hapa hapa Kenya, wagonjwa wa kifua kikuu walitiwa katika gereza la Kapsabet kwa sababu waliacha dawa. Sheria iliyotumika ni ile ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyotoka enzi za mkoloni. Mwezi Machi 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumfunga mgonjwa gerezani kwa ajili ya matibabu ni kinyume cha Katiba, ikaitaka serikali iweke utaratibu wa kuwatenga wagonjwa unaolinda utu wao. Mgonjwa wa kifua kikuu kweli anaweza kuambukiza wengine, na kumtenga huenda kukalazimu. Sisi Waislamu hatuna ugomvi na kutengwa; tumefundishwa tangu zamani kutoingia penye tauni na kutoitoroka. Lakini kutenga si kuadhibu.

Vilevile fiqhi inamtaka tabibu awe na ujuzi, na awe na idhini ya mgonjwa au walii wake. Akikosa, anabeba dhamana ya madhara. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema karibu hayo hayo: mgonjwa aelezwe hali yake, tiba zilizopo, faida na hatari, kwa lugha anayoielewa, na aridhie.

Nilimuuguza mjomba wangu miaka michache iliyopita. Asubuhi ya upasuaji aliletewa karatasi ya Kiingereza, akashikwa kidole gumba, kikachovywa wino, kikabandikwa. Hakuna aliyemsomea. Nilipouliza karatasi inasema nini, niliambiwa nisicheleweshe kazi. Mjomba alipona, alhamdulillahi. Lakini alipotakiwa kurudi kuangaliwa kidonda alikataa kata kata, akabaki nyumbani na majani yake. Watu wa Sese nao walitoroka hivyo hivyo. Anayenyimwa maelezo leo, kesho hutamwona kliniki, na kifua kikuu kitabaki nyumbani na watoto wake.

Mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyaondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Tushukuru. Ushindi huo una watu waliolipia, na 22 kati yao walilipa kwa macho yao. Majina yao hayako kwenye bango lolote.

Basi Machi ijayo vijana wa afya wakija Maungu, nendeni mkapimwe, na dawa mkipewa mzimalize. Lakini kabla ya kidole kugusa wino, uliza: ni dawa gani, ina hatari gani, na nikikataa itakuwaje? Na wewe daktari wetu, muuguzi wetu, ukiulizwa usikasirike. Jibu kwa Kiswahili, au kwa Kitaita ikibidi. Hazichukui hata dakika tano.