Mfahamu Morton Heilig, mtengeneza filamu aliyeleta VR kabla ya wakati wake

Ukimwona mtu amevaa miwani ya VR anageuka huku na kule, unaweza kudhani ni mambo ya juzi tu. Kumbe kuna jamaa alishaanza zamani.

Morton Heilig alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1926, akaja kuwa mpiga picha na mtengeneza filamu. Miaka ya 1950 aliona sinema ina upungufu: inagusa macho na masikio tu. Pua je? Ngozi je? Mwaka 1955 akaandika makala kuhusu sinema ya kesho, itakayomwingiza mtazamaji ndani ya hadithi.

Hakuishia kwenye maneno. Mwaka 1960 alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kifaa cha kuvaa usoni. Mwaka 1962 akapata nyingine, ya mashine yake ya Sensorama. Unakaa kwenye kiti, unaingiza kichwa, na ghafla uko juu ya pikipiki katika mitaa ya New York. Picha ni za 3D, kiti kinatetemeka, upepo unakupiga usoni, na harufu za mtaani zinakufikia puani. Filamu za mashine hiyo alizitengeneza mwenyewe.

Shida ikawa pesa. Alihangaika kutafuta wawekezaji, hakupata wa kutosha, na mradi ukakwama.

Heilig alifariki mwaka 1997, miaka mingi kabla miwani ya VR haijaingia majumbani kwa wingi. Leo wengi wanamwita baba wa uhalisia pepe.