Joy Adamson: Kabla ya Simba Kulikuwa na Maua

Ukimtaja Joy Adamson, wengi wanamkumbuka Elsa, yule simba jike aliyelelewa na watu kisha akarudishwa porini. Kitabu cha habari zake, Born Free, kilitoka mwaka 1960 kikasomwa dunia nzima. Ila miaka ishirini kabla ya hapo mama huyu alikuwa anachora maua, na mimi naona huko ndiko alikojifunza kutazama.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, enzi za himaya ya Austria. Leo mji huo uko Jamhuri ya Czech na unaitwa Opava. Jina lake lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Akiwa Vienna alisoma muziki, akajaribu uchongaji, akajiandaa kusomea udaktari. Kwa lugha yetu ya chuo, alikuwa mtu wa kubadili kozi. Hakuna hata moja iliyomshika.

Mwaka 1937 mume wake wa kwanza, Viktor von Klarwill, alimtanguliza Kenya akaangalie kama wanaweza kuhamia. Mumewe alikuwa Myahudi, na hatari ya Wanazi ilikuwa inasogea. Ndani ya meli Joy akakutana na Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea. Ndoa ile ikavunjika, na mwaka 1938 akaolewa na Bally, ambaye ndiye aliyempa jina la Joy.

Bally alikusanya mimea kwa ajili ya jumba la makumbusho la Nairobi. Mmea unabanwa kati ya karatasi, unakaushwa, unahifadhiwa. Shida ni moja: ua likikauka, umbo linabaki lakini rangi inapotea. Hapo ndipo Joy alipopata kazi yake. Alichora ua likiwa bado bichi, kwa rangi za maji, akishindana na jua kabla halijanyauka. Kazi hiyo haitaki kukisia. Unahesabu petali, unaangalia stameni zimekaaje, jani limeshikaje shina. Mwaka huohuo wa 1938 walikwenda pamoja kwenye vilima vya Chyulu, upande wa Kenya, huku Kilimanjaro yetu ikionekana ng'ambo.

Michoro yake ikaingia kwenye vitabu, kikiwemo kile cha Jex-Blake kinachofundisha kutunza bustani Afrika Mashariki. Mwaka 1947 chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza kikampa medali ya dhahabu ya Grenfell. Yaani mtu aliyeacha kozi tatu alitambuliwa kwa sababu ya maua ambayo wengine waliyapita njiani.

Mwaka 1944 alikuwa ameshaolewa na George Adamson, askari wa wanyamapori kaskazini mwa Kenya. Baadaye serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya asili. Alichora mamia. Hapa namsoma kwa tahadhari. Ua halina la kusema kuhusu anayelichora, lakini mtu analo, na waliochorwa wengi tunawajua kwa mavazi kuliko kwa maisha yao. Hata hivyo picha hizo zimehifadhi mapambo na mavazi ambayo mengine hayavaliwi tena.

Mwishoni alikuwa na makazi yake Elsamere, kando ya Ziwa Naivasha. Tarehe 3 Januari 1980 aliuawa huko Shaba. Mwanzoni ilidhaniwa ni simba, kumbe ni mtu, na aliyewahi kuwa mfanyakazi wake akahukumiwa.

Kwa sisi wa ualimu, maisha haya yana kazi ya kutupa. Tukienda fildi, wengi tunafundisha ua kwa mchoro wa kwenye madesa, ulionakiliwa mara kumi, wakati haibiskasi imechanua nje ya dirisha. Huku Mabogini mvua za masika zikishakolea, hata kingo za mifereji ya mpunga zinatoa maua ambayo majina yake hatuyajui. Mpeleke mwanafunzi nje na penseli. Akiitazama haibiskasi vizuri ataona stameni zake zimeungana kuwa mrija mmoja, kitu ambacho kwenye desa kimeshafutika siku nyingi.