Daktari John Snow na Kisima cha Broad Street

Kipindupindu tunakijua. Wengi wetu tumesikia habari zake, na wengine tumewahi kuzika ndugu waliokufa kwa ugonjwa huo. Lakini ni wachache wanaomjua mtu aliyeonyesha kwamba ugonjwa huo huletwa na maji machafu. Jina lake ni John Snow, daktari Mwingereza. Maisha yake yafaa kusomwa na watu wa mtaa wowote, kwa kuwa kazi yake kubwa aliifanya kwa kusoma daftari la vifo na kubisha hodi mlango kwa mlango.

John Snow alizaliwa tarehe 15 Machi, 1813, katika mji wa York. Baba yake alikuwa kibarua, na yeye alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto tisa. Alipotimiza miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza kazi kwa daktari mmoja wa huko. Mwaka 1831 kipindupindu kiliingia Uingereza kwa mara ya kwanza, na kijana huyu alitumwa kuwauguza wachimba makaa ya mawe wa Killingworth. Aliwaona watu wenye nguvu zao wakiugua na kufa upesi, wala hakuna dawa iliyowafaa.

Mwaka 1836 alikwenda London kuendelea na masomo, akakaa Soho, sehemu ya mji yenye watu wengi. Baadaye alipata sifa kwa ustadi wake wa kutumia nusukaputi. Malkia Victoria mwenyewe alimwita amsaidie wakati wa kujifungua, mwaka 1853 na tena mwaka 1857. Basi angeweza kuishi kwa raha, akiwatibu wakubwa tu. Lakini hakusahau Killingworth.

Siku zile madaktari wengi waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa yenye uvundo. Snow hakukubali. Aliona kwamba ugonjwa huanzia tumboni, wala si kifuani, kwa hiyo lazima mtu amemeza kitu. Mwaka 1849 aliandika kijitabu kueleza kwamba uchafu wa mgonjwa ukiingia katika maji ya kunywa huwaambukiza wengine. Wachache walimsikiliza, maana hakuwa na ushahidi wa kutosha.

Ushahidi ulipatikana kwa njia ya majonzi. Usiku wa tarehe 31 Agosti, 1854, ugonjwa ulilipuka karibu na barabara iitwayo Broad Street, pale pale Soho. Katika siku kumi watu zaidi ya 500 walikufa. Wengine walifunga nyumba zao na kukimbia.

Tangu mwaka 1837 vifo vilikuwa vikiandikwa katika ofisi ya Msajili Mkuu, pamoja na sababu yake na mahali marehemu alipokaa. Snow alikwenda ofisini akaomba orodha ya waliokufa kwa kipindupindu sehemu ile. Alipewa majina 83. Akaichukua ile orodha, akaenda nayo barabarani.

Aliona kwamba karibu vifo vyote vilikuwa jirani na pampu ya kisima cha Broad Street. Ni vifo kumi tu vilivyokuwa katika nyumba zilizo karibu zaidi na pampu nyingine. Akazifuata nyumba hizo pia. Watu wa marehemu watano walimwambia kwamba wao siku zote hutuma mtu Broad Street, kwa sababu maji yake waliyapenda. Wengine watatu walikuwa watoto waliosoma shule iliyo karibu na pampu ile.

Hakuishia kwa waliokufa. Aliuliza pia habari za waliopona. Katika nyumba ya maskini iliyokuwa jirani walikaa watu 535, na waliokufa ni watano tu. Nyumba ile ilikuwa na kisima chake. Katika kiwanda cha bia cha Broad Street kulikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70, wala hakufa hata mmoja. Wao walikunywa bia ya kiwanda, wala hawakuigusa pampu.

Tarehe 7 Septemba Snow alifika mbele ya halmashauri ya parokia ya Mtakatifu James, akawaeleza aliyoyaona. Wazee hawakusadiki sana, lakini kesho yake waliamuru mpini wa pampu uondolewe. Ni kweli kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua, maana wengi walikuwa wamekwisha kukimbia.

Mwaka ule ule alifanya kazi nyingine kubwa zaidi, kusini ya mto Thames. Huko kampuni mbili ziliuza maji katika mitaa ile ile. Moja ilichota maji ya mto pale pale mjini, penye uchafu. Nyingine ilikuwa imehamia juu ya mto mwaka 1852. Snow alizunguka nyumba za waliokufa akiuliza wanapata maji kwa nani. Tena hakuhesabu vifo peke yake, bali alivilinganisha na idadi ya nyumba. Kampuni ya maji machafu ilikuwa na vifo 315 katika kila nyumba 10,000. Ile nyingine ilikuwa na vifo 37. Watu walikuwa majirani, wakivuta hewa moja. Tofauti yao ilikuwa maji.

Hata hivyo wakubwa wa afya walikataa. Na hapa yuko mtu mwingine wa kukumbukwa: Henry Whitehead, kasisi msaidizi wa Kanisa la Mtakatifu Luka, Berwick Street. Whitehead naye hakusadiki habari ya pampu, akakusudia kuonyesha kwamba daktari amekosea. Alikuwa amewauguza na kuwazika watu wale, naye alizijua nyumba zao. Akarudi tena na tena, akiwauliza waliopona na wale ambao hawakuugua kabisa. Kadiri alivyouliza, ndivyo alivyoona kwamba Snow alisema kweli.

Kisha akagundua jambo ambalo Snow hakulipata. Katika nyumba namba 40, mbele kabisa ya pampu, mtoto mchanga alikuwa ameanza kuharisha tarehe 28 Agosti, kabla ya wengine. Mama yake alifua nepi akamwaga maji katika shimo la uchafu lililokuwa karibu na kisima. Walipochimba, mwaka 1855, waliona kwamba shimo lilikuwa likivuja kuelekea kisimani. Tena baba wa mtoto aliugua siku ile ile mpini ulipoondolewa. Kama pampu ingaliachwa, huenda msiba ungalianza upya.

John Snow alikufa tarehe 16 Juni, 1858, akiwa na miaka 45. Hakuoa, wala hakuona kazi yake ikikubaliwa. Mwaka 1866 kipindupindu kiliporudi mashariki ya London, William Farr wa ofisi ya Msajili Mkuu alifuata njia ile ile na kuona kwamba kosa lilikuwa katika maji ya kampuni moja. Mwaka 1884 Robert Koch, Mjerumani, alieleza kijidudu chenyewe.

Ndugu wasomaji, orodha ya ofisini peke yake isingaliokoa mtu, wala kutembea bila orodha kusingalifika mbali. Daktari alileta hesabu, na kasisi alileta ujuzi wa watu wake. Nao watu wa Soho, katikati ya msiba, walikubali kufungua milango na kusema kweli. Basi tusiache kuandikisha vifo vyetu, hata cha mtoto wa siku moja. Na bwana afya akibisha hodi na daftari lake, akauliza tunachota maji wapi na choo kiko wapi, tusimwone mpelelezi. Tumpe kiti, tumjibu sawasawa.