Victor Barna, mutu mwenye jina lake liliandikwa ku raketi

Hapa Lubumbashi, kijana mwenye anataka kuanza ping-pong anakutana kwanza na raketi zenye zimefungwa mbili mbili mu plastiki, pamoja na mipira. Anagusa kauchu nyekundu, anagusa ile nyeusi, anauliza bei. Mbao yenyewe, karibu hakuna mwenye anaiangalia. Lakini ku raketi ya muzuri, kauchu inachakaa na kubadilishwa, mbao njo inabakia. Wachezaji wa zamani walilijua hilo kupita sisi, na wa kwanza kati yao ni Victor Barna.

Alizaliwa Budapest, muji mukubwa wa Hongria, tarehe 24 Agosti 1911. Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilikuwa na mwaka moja tu. Jina lake la kuzaliwa ni Győző Braun. Familia yake ilikuwa ya Wayahudi, na mu Hongria ya miaka ile Wayahudi walikuwa wanabanwa, hata ku masomo ya juu.

Meza ya ping-pong ikamutoa. Mu 1929, akiwa na miaka 17, alishinda mashindano ya dunia mu wachezaji wawili wawili pamoja na rafiki yake Miklós Szabados. Pekee yake alikuwa shampioni wa dunia mara tano: 1930, 1932, 1933, 1934 na 1935. Ile ya 1931 ilikamatwa na Szabados mwenyewe, na urafiki haukuvunjika. Barna alisimama karibu na meza, akapiga na mugongo wa mukono, kiganja kikigeuka haraka sana, na mwenye kucheza naye aliona mupira umeshapita.

Raketi yake ilikuwa nini? Mbao, na juu yake kauchu nyembamba yenye vinundu vidogo. Sponji hakuna. Kwa hiyo mbao njo ilikuwa inasikia mupira, na mukono ulikuwa unasikia mbao. Hapo mwanafunzi wa leo anaweza kujifunza kitu. Mbao ya kuanzia ni ile ya tabaka tano za muti mutupu, bila kaboni, yenye uzito wa karibu gramu 80 mpaka 90. Kaboni inarusha mupira mbali haraka, na mutu mwenye hajajua bado kuuweka mupira ku meza anashindwa kuuongoza. Mbao nzito nayo inachokesha kiganja. Sheria ya dunia yenyewe inalinda muti: hata raketi ya bei kali, sehemu 85 ku 100 za unene wa mbao lazima ziwe muti wa kweli. Mukono wa raketi, ushike kwanza mbele ya kulipa. Wenye kupanuka chini unasaidia usiteleze, wenye kunyooka unaacha vidole vigeuke. Kati ya hiyo mbili hakuna ubaya, ni kiganja chako njo kinachagua.

Mu Mei 1935, miezi michache kisha kushinda ya tano kule London, Barna alipata aksida ya motokari. Mukono wa kuume, ule wa raketi, ulivunjika. Waganga waliuunga na chuma ndani. Alikuwa na miaka 23. Aliendelea kucheza, lakini ubingwa wa dunia wa pekee yake haukurudia tena. Nguvu ya zamani ilikuwa imeenda.

Kisha ikakuja Afrika. Mu Machi 1939 mashindano ya dunia yalifanyika Kairo, Misri, mara ya kwanza ku bara letu. Ya pili yalingojea mpaka Durban, 2023. Barna alicheza na Richard Bergmann, Myahudi wa Vienna mwenye alikimbilia Uingereza kisha Hitler kukamata Austria mu 1938. Wawili wale, mumoja bila inchi, mwingine na chuma mu mukono, walishinda. Ilikuwa medali ya zahabu ya 22 ya Barna ku mashindano ya dunia. Mpaka leo hakuna mwanaume mwenye amefikisha hesabu hiyo. Miezi sita nyuma, vita ikaanza. Barna hakurudia kuishi Budapest. Aliingia mu jeshi la Waingereza na kuwa raia wao.

Kisha vita alitumika na Dunlop, ile kampuni yenye watu wengi huku wanaijua juu ya mipira ya motokari. Raketi za Dunlop zikabeba jina Barna, na watoto wa inchi nyingi walianza kucheza na ile. Lakini mu 1952, kule Bombay, Mujapani Hiroji Satoh alikuja na sponji nene juu ya mbao. Mupira haukutoa sauti tena. Wachezaji wakubwa walikuwa wamezoea kusikiliza, wakapotea, na Satoh akawa shampioni. Mu 1959 sheria ilipunguza unene: sponji na kauchu pamoja visipite milimita 4. Njo zile ziko ku raketi nyekundu na nyeusi za leo.

Barna aliendelea kuzunguka dunia akionyesha muchezo na kuuzisha raketi. Alikufa ghafla Lima, Peru, mu Februari 1972, akiwa ku safari ya kazi, na miaka 60.