Grace Hopper, mwanahisabati aliyezipa kompyuta lugha ya biashara

Benki na ofisi za serikali nchini Marekani, zinapotafuta lugha ya kurithi nafasi ya Cobol katika programu zao kongwe, zinarudia swali alilolikabili Grace Hopper zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Hopper alizaliwa mjini New York tarehe 9 Desemba 1906. Mwaka 1934 alipata shahada ya uzamivu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale, huku akifundisha katika chuo cha Vassar. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alijiunga na kikosi cha akiba cha jeshi la wanamaji, na mwaka 1944 akapelekwa Harvard kuiandikia programu kompyuta ya Mark I.

Zama hizo kila aina ya kompyuta ilikuwa na maagizo yake. Kampuni iliyonunua mashine mpya ililazimika kuandika upya programu zote za mishahara, ghala na madeni. Hopper aliona kwamba kazi ya kutafsiri maagizo ingeweza kufanywa na kompyuta yenyewe, na mwaka 1952 akaanza kulithibitisha hilo. Baadaye aliongoza utengenezaji wa Flow-Matic, lugha iliyotumia maneno ya kawaida ya Kiingereza badala ya alama za hisabati.

Mwezi Mei 1959 watengenezaji na watumiaji wa kompyuta walikutana Pentagon ili kutafuta lugha moja ya biashara. Cobol iliundwa na kamati. Hopper alikuwa mshauri, na Flow-Matic ikawa mojawapo ya misingi yake mikuu. Desemba 1960 programu ileile ya Cobol ilifanya kazi katika kompyuta za makampuni mawili tofauti.

Alistaafu mwaka 1966, lakini mwaka uliofuata jeshi lilimwita tena asimamie usanifishaji wa lugha zake za kompyuta. Aliondoka jeshini mwaka 1986 akiwa na cheo cha ngazi ya admeri na umri wa miaka 79. Ofisini mwake alitundika saa iliyozunguka kinyume, kuwakumbusha wageni kwamba mazoea si sheria.

Hopper alifariki dunia tarehe 1 Januari 1992, lakini Cobol imebaki. Aprili 2020, janga la korona lilipowaacha wengi bila ajira, gavana wa New Jersey aliomba hadharani wajitokeze wanaoifahamu, kwa kuwa mifumo ya jimbo hilo ingali ikiitegemea.

Kuchagua lugha mpya si sehemu ngumu zaidi. Ugumu ni kuzifahamu kanuni za kazi zilizomo ndani ya programu za zamani, ambazo waandishi wake wamekwisha kustaafu. Ndiyo maana vipimo vya Hopper havijachakaa: lugha isomeke na wengine, wala isimfunge mtumiaji kwa mtengenezaji mmoja.