Daimler, mwana wa mwoka mikate aliyeunda lori la kwanza

Simama dakika kumi hapo Gede, penye njia panda ya kuingia Watamu, utazame malori ya chumvi yakitoka upande wa Gongoni kuelekea Mombasa. Yakifika penye watu hupunguza mwendo. Sasa angalia yanavyoondoka. Moja linachomoka kama halijabeba kitu. Lingine, injini ileile na mzigo uleule, linanguruma na kutoa moshi, na boda tatu zishalipita kabla halijashika kasi. Wengi humlaumu dereva. Lakini mara nyingi kisa kiko nyuma, kwenye difu na tairi, na aliyelivunjia kichwa jambo hilo kwenye lori la kwanza la petroli ni mzee aliyefariki mwaka wa 1900.

Anaitwa Gottlieb Daimler. Alizaliwa Machi 17, 1834, mjini Schorndorf, kusini mwa Ujerumani. Babake alikuwa mwoka mikate. Yeye akaanza kwa kujifunza kutengeneza bunduki, kisha akasomea uhandisi Stuttgart na kuzunguka viwanda vya Ufaransa na Uingereza. Alipokuwa akifanya kazi Reutlingen alikutana na Wilhelm Maybach, kijana yatima aliyekuwa hodari wa kuchora mitambo. Kutoka hapo wakawa chanda na pete.

Mwaka wa 1872 Daimler aliajiriwa na kampuni ya Deutz, ya Nikolaus Otto. Injini za Otto zilikuwa kubwa, nzito na za polepole, za kukaa kiwandani. Daimler alitaka kitu kidogo na chepesi kinachozunguka haraka. Hawakuelewana, na mwaka wa 1882 akaondoka. Alinunua nyumba Cannstatt, akageuza kibanda cha vioo cha kukuzia maua kuwa karakana, na humo yeye na Maybach wakawa wanagongagonga vyuma kwa siri mpaka mtunza bustani akashuku wanatengeneza sarafu bandia. Polisi wakaja kupekua. Walikuta injini tu!

Kufikia 1885 walikuwa na injini ya nusu nguvu ya farasi, iliyozunguka kama mara 600 kwa dakika, wakati zile za kiwandani hazikufika hata 200. Waliifunga kwenye baiskeli ya mbao. Watu wa boda, babu yenu ndiye huyo.

Mwaka wa 1890 ikaundwa kampuni yenye jina lake. Lakini wenye pesa walipenda biashara ya injini za kukaa mahali pamoja, si magari. Maybach akaondoka, kisha Daimler mwenyewe, huku akiugua moyo, akasukumwa nje ya kampuni yake. Alirudi 1895 kwa sababu mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akinunua haki za injini hizo kwa ajili ya Uingereza, Frederick Simms, alishikilia kwamba bila Daimler hakuna pesa. Maybach naye akarudi.

Mwaka uliofuata ndipo lori likatoka. Injini yake ilikuwa ya silinda mbili na nguvu za farasi 4. Boda yoyote hapo stendi ina zaidi ya hizo, na bado lori lile lilitakiwa libebe kilo 1,500. Liliwezaje?

Injini ndogo inayokwenda mbio haina nguvu nyingi katika kila mzunguko. Ila ukiipunguza kasi kwa gia, nguvu ya kuzungusha inaongezeka. Difu ya 4 maana yake propela shafti inazunguka mara nne ndipo gurudumu lizunguke mara moja, na nguvu inayofika huko huwa karibu mara nne. Daimler aliipunguza kasi mwishoni kabisa: gia ndogo ikasukuma duara kubwa lenye meno lililofungwa kwenye gurudumu lenyewe. Tazama Benzi nyingi za kubeba mchanga na mawe leo, zile zenye habu nene iliyotokeza nyuma. Ndani yake mna gia zinazofanya kazi hiyohiyo.

Tairi nayo hula nguvu kwa mlango wa nyuma. Kadiri ilivyo pana toka chini hadi juu, ndivyo ekseli inavyohangaika kuizungusha. Daimler hakuwa na shida hiyo, kwani magurudumu yake yalikuwa ya mbao na pete ya chuma. Hakuna aliyeweza kumbadilishia saizi. Leo ukitoa 295/80 R22.5 ukaweka 315/80 R22.5, kimo kinaongezeka kama sentimita 3. Ni asilimia 3 hivi, utasema si kitu. Lakini weka tairi iliyozidi kwa asilimia 10, na difu yako ya 4 inakuwa kama 3.6. Lori linakuwa zito kuondoka, klachi inaungua mapema. Tena kidhibiti mwendo huhesabu mizunguko, hakioni barabara. Kikisoma 80, wewe unakwenda 88, na mwenye boda anayevuka mbele yako hajui.

Balaa kubwa ni lori lililotumika Ulaya, lenye difu ya 2.8 hivi, lililotengenezewa barabara tambarare za huko. Kwenye lami linanyonya mafuta kidogo, raha tupu. Lijaze mawe ya matumbawe kutoka machimbo ya Kilifi, uliambie lipande kutoka usawa wa bahari mpaka Nairobi, mita 1,700 hivi juu, ndio utajua kwa nini mwenyewe aliliuza. Anayenunua lori kwa mkopo aulize namba ya difu kabla ya kuuliza rangi.

Lori la Daimler lilipata mnunuzi London kabla Wajerumani wenzake hawajalitilia maanani. Hakuishi kuona zaidi. Moyo ulimshinda Machi 6, 1900, akiwa na miaka 65. Jina la Mercedes lilikuja baada yake, na kampuni yake ikaungana na ya Karl Benz 1926. Ndiyo maana hapa Pwani lori lake tunaliita Benzi.